Kampuni inauzwa, meneja presha juu: bonasi, asilimia au barua?

Kijana_Pongwe: Wakuu habari za jioni. Familia yetu ina kiwanda cha kamba za mkonge hapa Tanga, tumepata mnunuzi na ameshaanza kukagua hesabu. Shida ni meneja uzalishaji, yeye ndo anazijua zile mashine za kusokota na wateja wanampigia yeye sio baba, sasa tangu awaone wageni wanapiga picha mashine hatulii, kila siku "bosi na mimi je?" Mnunuzi kasema wazi huyu akiondoka bei inashuka. Tunapima vitu vitatu, bonasi ya kubaki, asilimia kidogo ya bei tutakayouzia kampuni, au barua kwamba akiachishwa analipwa mshahara wa mwaka mzima. Ipi itamtuliza?

Binti_Raskazone: Asilimia achaneni nayo, akishalipwa siku ya dili kesho yake hana sababu ya kuingia getini. Bonasi igaweni, nusu siku ya kukabidhiana, nusu miezi sita baadaye. Na mwambieni mapema inakatwa kodi kama mshahara, kinachozidi milioni moja kwa mwezi ni 30%, asije akapigia hesabu shamba Muheza halafu akaona mmemdhulumu.

Mzee_Chumbageni: Wanangu, mi nimekaa kiti cha huyo meneja, nilikuwa mhasibu mkuu. Bonasi waliniahidi, nzuri tu, ila hamna aliyenikalisha chini akanambia mnunuzi nani na nitaripoti kwa nani, mlango wa mkurugenzi umefungwa toka asubuhi, wakitoka humo wanakusalimia huku wanaangalia chini. Nikasaini kwingine kabla hela haijaiva. Mi naipa kura barua. Kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, tena mwisho miaka 10, mwenye watoto sekondari hapo hapati usingizi.

Wakili_TA: Mzee shikamoo, nakuunga mkono. Ila mnauza hisa, yaani kampuni yenyewe, au mashine na majengo tu? Kwenye hisa mwajiri ni yuleyule, mkataba unaendelea. Mkiuza mali tu, mkataba hauhamii kwa mnunuzi moja kwa moja, kwahiyo barua yenu peke yake haitoshi, mnunuzi naye asaini.

Kijana_Pongwe: Ni hisa. Basi barua kwanza, bonasi ya mafungu mawili juu yake. Ila baba anaogopa tukimtajia mnunuzi habari itasambaa mjini.

Mzee_Chumbageni: Mwanangu, wageni wameshapiga picha mchana kweupe, mjini wanajua. Msainisheni karatasi ya kutunza siri, halafu mkutanisheni na mnunuzi mwenyewe, amuulize yote yanayomkera. Wiki hii hii, msingoje siku ya kukabidhiana.