Waajiri mnatuponza wenyewe, halafu mnasema wakili hajui kazi

Wakuu, leo mnivumilie. Nimetoka kwenye shauri nimeaibika mpaka masikio yanawaka moto.

Kazi yangu ni kutetea waajiri na kampuni za bima kwenye madai ya fidia ya watu walioumia kazini. Najua wengi humu mnatuita wanyonya damu, sawa, nimezoea. Ila leo hasira zangu haziko kwa mfanyakazi wala kwa wakili wake. Ziko kwa hawa ninaowatetea.

Sikieni haya. Jamaa kaanguka kutoka kwenye ngazi ghalani, mgongo umekwisha. Naletewa faili, ndani mna fomu ya taarifa ya ajali safiii, haina kunjo wala alama ya kidole. Maelezo ya majeruhi, ya shahidi na ya msimamizi yote yana wino mmoja na mwandiko mmoja. Nikauliza imejazwa lini. "Siku ileile, wakili." Nikaamini, mjinga mimi. Mbele ya mwamuzi, wakili wa upande wa pili hata sauti hakupandisha. Kamwomba msimamizi asome tarehe iliyo chini ya sahihi yake, kisha akampa karatasi nyingine asome pia. Fomu ya likizo. Siku ya ajali bwana mkubwa alikuwa likizo! Akaanza kukuna kisogo, mimi nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Kinachoniuma ni kwamba hoja tulikuwa nayo. Huyu jamaa alikuwa na mgongo mbovu tangu zamani, na vyeti vya hospitali vipo. Tungebishana kistaarabu ni asilimia ngapi za ulemavu zimetokana na kuanguka na ngapi alikuja nazo. Hata hapo si mteremko, maana katika sheria za nchi nyingi kazi ikitonesha kidonda cha zamani, hilo nalo ni jeraha la kazini. Lakini ukishakamatwa umepika fomu, nani atamsikiliza daktari wako?

Halafu huu wimbo wa "alikuwa mzembe". Jamani! Kila mteja mpya anakuja nao. Mfumo huu wa fidia uliwekwa ili tusiulizane kosa ni la nani. Zamani mfanyakazi alilazimika kushtaki na kuthibitisha uzembe wa bosi, na bosi alikuwa na ngao zake: mwenzako ndiye aliyekuumiza (mahakama za Uingereza zililikubali hilo tangu 1837), hatari uliijua ukaikubali, na wewe mwenyewe ulichangia. Wengi walikwenda nyumbani mikono mitupu. Ujerumani ikaanzisha bima ya ajali kazini mwaka 1884, Uingereza ikatunga sheria yake 1897, na wengine wakafuata. Makubaliano ni kwamba mfanyakazi analipwa bila kuthibitisha kosa, ila kwa viwango vilivyopangwa, na katika nchi nyingi mwajiri anaepuka kesi ya madai makubwa. Kwa hiyo bosi anayetaka nimsimange majeruhi kwa uzembe anakata tawi alilokalia. Aliyejiumiza makusudi au aliyekuwa amelewa, hayo yanajadilika. Aliyeteleza tu, kateleza.

Watu wa bima nao wasicheke. Mwezi uliopita nilipewa video ya mpelelezi: mdai anabeba ndoo ya maji, sekunde 11. Afisa madai anashangilia, "tumemshika!" Upande wa pili wakaomba mkanda wote. Tukauangalia pamoja, chumba kizima. Baada ya ndoo ile mtu yule anakaa kwenye ngazi za nyumba, kashika kiuno, dakika nyingi hasogei, mpaka mtoto anakuja kuichukua ndoo. Mliuona mkanda wote kabla ya kunipa, au mlikata palipowafurahisha?

Matapeli wapo, sikatai, na nimewahi kuwakamata. Niliwakamata kwa cheti cha daktari cha siku ya kwanza kinachosema aliumia mpirani, au kwa ratiba ya zamu inayoonyesha hakuwepo kazini. Karatasi za kawaida kabisa, zilizoandikwa siku yenyewe na mtu asiyejua kama kutakuwa na kesi. Ndizo hizohizo msizotaka kuandika! Picha za kamera mnaacha zifutike, shahidi anahama kazi hamjachukua hata jina lake kamili, ngazi iliyovunjika mnaitupa. Na majeruhi mnamfukuza wiki aliyoleta madai, halafu mnataka nieleze mbele ya watu kwamba ni "kupunguza wafanyakazi".

Huyu wa ghalani alisema kwenye ushahidi wake kwamba alipiga simu ofisini wiki 3 mfululizo. Daktari alikuwa amemruhusu kazi nyepesi, akawa anaomba hata kukaa getini aandike magari yanayoingia. Hakuna aliyepokea, ndipo akatafuta wakili. Nilimgeukia meneja anikanushie, akawa anatazama dari.

Sasa ananiandikia meseji ndefu kwamba ada yangu ni kubwa na anafikiria kubadilisha wakili. Abadilishe! Shauri linaendelea Jumatatu, na ratiba ya zamu niliyoiomba mara 4 hadi saa hii sijaiona.