Msandali: je, ni lazima upandwe pamoja na mmea mwingine?

Mtunzamiche: Wanajukwaa, salamu. Miche yangu ya msandali wa Kihindi (Santalum album) ilistawi mpaka ikafikia kimo cha kiganja, kisha ikaanza kugeuka manjano, ingawa udongo hautuamishi maji na mbolea ninaweka. Nimesoma kwamba mti huu ni kimelea, jambo linalonishangaza kwa kuwa majani yake ni ya kijani kama ya mti wowote. Je, kweli hauwezi kujitegemea?

Kokwa: Ni kimelea nusu. Majani yake hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini mizizi yake ni dhaifu katika kufyonza madini, kwa hiyo huota vinyonyeo vidogo vyenye umbo la kengele, ambavyo hung'ang'ania mizizi ya mimea jirani na kuipenya. Mwanzoni mche huishi kwa akiba ya mbegu. Akiba ikiisha kabla haujapata mwenyeji, yaani mmea wa kunyonya, hudumaa na kuwa manjano kama ulivyoeleza, na hapo mbolea peke yake haitoshi. Panda mbaazi ndani ya kiriba hichohicho, na shambani uweke karibu mivinje au migunga. Mbaazi uzipogoe, zisije zikaufunika mche.

Jani Bichi: Hakikisha kwanza kwamba si Osyris lanceolata, msandali wa Afrika Mashariki, ambao ni wa familia hiyohiyo ya Santalaceae lakini wa jenasi nyingine. Nao pia ni kimelea nusu. Majani ya Osyris hupishana kwenye kitawi na yana rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, ilhali ya Santalum album hukaa mawili mawili yakitazamana. Miti ikikomaa hakuna wa kukosea: Osyris ina mti dume na mti jike, na matunda yake huiva mekundu, mwenzake huzaa matunda ya zambarau iliyokaribia weusi, na vijiua vyake hufunguka vikiwa na manjano hafifu kisha hugeuka damu ya mzee.

Mtunzamiche: Ahsanteni. Majani yanatazamana. Mbona basi nikikwangua gamba sinusi harufu yoyote?

Kokwa: Huwezi kuinusa sasa. Mafuta yenye santaloli, kemikali inayoupa msandali harufu yake, hukaa katika kiini cha shina na cha mizizi minene, na kiini hicho huchukua miaka mingi kujijenga. Mbao nyeupe inayokizunguka haina harufu hata kwa mti mkubwa. Ndiyo maana wavunaji huung'oa mti mzima badala ya kuukata.