Naomba ushauri: kuku wangu wa nyama wana mafuta mengi, nyama haba

Wakuu habari zenu. Nafuga kuku wa nyama 200 hapa Buhongwa, Mwanza. Juzi nimechinja wachache wa wiki 5: kilo moja na nusu tu, halafu tumboni mafuta ya njano yamejaa. Mama ntilie mmoja, mteja wangu, akanitangaza kuwa nawapa homoni! Jamani, homoni ya ukuaji ni protini, kuku akiila inameng'enywa tu kama dagaa. Hawa wanakua haraka kwa mbegu na chakula.

Ila nimesoma kuwa kuku akizidiwa na joto au msongamano, mwili wake wenyewe unamwaga kotikosteroni, homoni ya msongo. Misuli inadumaa, mafuta yanaongezeka. Na banda langu ni la bati, paa fupi, saa nane mchana hata mimi sikai humo. Tena dagaa wa soko la Mwaloni walipanda bei, nikawapunguza kwenye chakula nikaongeza mahindi (najua, najua, protini ikapungua).

Nianze na lipi: kuinua paa, kupunguza kuku, au kurudisha dagaa? Mashudu ya pamba yapo huku lakini naogopa ile sumu yake, gosipoli. Aliyetumia soya, kwa kilo 100 za chakula uliweka ngapi?