Mjadala: Jedwali la kugawa momenti libaki kwenye mtihani wa uhandisi, au lipishe kompyuta?

Boriti_Milimani (Kisumu)
Wahandisi na walimu, naweka hoja mezani. Mwanafunzi wa uhandisi wa ujenzi hutumia wiki nyingi za somo la uchanganuzi wa miundo akijaza jedwali la kugawa momenti, yaani nguvu ya kupinda, kati ya boriti zinazokutana kwenye kiungo. Njia hiyo Hardy Cross aliichapisha mwaka 1930, enzi ambayo fremu ya ghorofa ilikokotolewa kwa penseli kwa kukosa namna nyingine. Akiajiriwa Kisumu au Nakuru anakuta programu za kompyuta kama Prokon au ETABS, na jedwali lile halishiki tena. Lakini kuunda modeli ya jengo kwenye kompyuta hajui. Napendekeza mlingano wa nguvu (mizigo na nguvu za maegemeo zilingane) ubaki, jedwali liondoke kwenye mtihani, na saa zake zipewe modeli: maegemeo, viungo, mizigo. Hili si la vyuo peke yake. Kanuni za Taifa za Ujenzi za 2024 zimechukua nafasi ya zile za 1968, na ofisi zinatoka kwenye vizidisho vya usalama vya mizigo, 1.4 na 1.6 vya BS 8110 (kanuni ya zege ya Uingereza), kwenda 1.35 na 1.5 vya kanuni za Ulaya. Jengo likianguka, anayefukiwa ni mpangaji.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)
Napinga, na sababu naiweka kwa namba. Chukua boriti ya spani mbili, kila moja mita 6, mzigo kilonyutoni (kN) 20 kwa kila mita, ncha zake zimekalia ukuta tu bila kukazwa. Anayejua mlingano wa nguvu pekee ataikata vipande viwili: 60 kN kwa kila ukuta wa pembeni, 120 kwa nguzo ya kati, momenti ya wL²/8 (w ni mzigo kwa mita, L ni urefu wa spani) katikati ya spani, yaani 90 kNm, na juu ya nguzo sifuri.

Boriti iliyomwagwa zege kwa mkupuo mmoja haifanyi hivyo. Pembeni hubeba 45 kN, nguzo ya kati 150. Juu ya nguzo kuna momenti ya 90 inayovuta upande wa juu, na ndani ya spani kubwa kabisa ni 50.6. Nguzo imeongezewa robo nzima ya mzigo, na asiyeweka nondo za kutosha juu yake atapata ufa mahali hasa pasipofaa.

Jedwali ndilo linalomfundisha mwanafunzi kwa nini. Unakaza viungo vyote na kuandika momenti za ncha zilizokazwa. Unafungua kiungo kimoja, unagawa tofauti kwa uwiano wa ukakamavu (ugumu wa kupinda), unahamisha nusu kwenda ncha ya mbali iliyokazwa, kisha unakifunga na kwenda kingine. Fupisha spani ya kulia ya boriti ile iwe mita 4: kushoto 90, kulia 40, tofauti 50. Spani fupi ni kakamavu zaidi, inachukua 0.6 ya tofauti, ndefu inachukua 0.4, nazo zinakutana 70. Aliyefanya hesabu hii kwa mkono hasahau tena kwamba kilicho kakamavu ndicho kinachojivutia momenti. Skrini haimwambii hivyo. Inampa 70 na kunyamaza.

Nondo_Nakuru
Mimi naangalia kinachoharibika. Makosa ya modeli ni yaleyale kila mara: boriti mbili zinapishana kwenye skrini lakini hazina kiungo cha pamoja, kwa hiyo mzigo hauhami, kila egemeo limeachwa limekazwa kabisa, ilhali msingi wa mita 1.2 kwa 1.2 juu ya udongo laini hauwezi kuzuia nguzo isizunguke. Uzito wa zege umeingizwa kwa mkono na programu nayo imeuongeza yenyewe. Milimita zimeandikwa palipotakiwa mita.

Balkoni ndiyo inayonisumbua zaidi. Slabu ya milimita 150 iliyotokeza mita 1.5: uzito wake ni 3.75 kN kwa mita mraba, sakafu na plasta tuseme 1.25, watu 3, jumla 8. Momenti kwenye shina ni wL²/2, yaani 9 kNm kwa kila mita ya upana. Sasa mwenye nyumba anajenga ukuta wa kinga wa matofali ukingoni, mita moja kwenda juu. Huo ni kama 3 kN kwa mita, mkono wake mita 1.5, ongezeko la 4.5. Nusu nzima imeongezeka kwa kitu ambacho kwenye mchoro kilikuwa reli ya chuma. Na nondo za balkoni hukaa juu, zikiingia ndani ya slabu angalau mara moja na nusu ya urefu uliotokeza. Zikikanyagwa siku ya kumwaga zege zikashuka kutoka kina cha milimita 120 hadi 80, theluthi ya nguvu imekwenda. Fundi akiziweka chini kabisa, balkoni haina nondo za kuishika.

Asiyeweza kuchora kwa mkono upande unaovutwa hawezi kuliona kosa hilo, hata akiwa na kompyuta tano.

Boriti_Milimani
Injinia wa Nakuru, umenitetea bila kukusudia. Balkoni yako ni mlingano wa nguvu mtupu, hakuna jedwali lililotumika. Na kipimo bora cha kukamata uongo wa kompyuta nacho ni mlingano: katika spani yoyote yenye mzigo uliosambaa sawasawa, momenti ya katikati ukijumlisha na wastani wa momenti za ncha mbili lazima ufike wL²/8. Kwa boriti ya Mwalimu ya spani sawa, ncha moja ni 90, nyingine sifuri, wastani 45, kwa hiyo katikati kabisa lazima iwe 45. Ile 50.6 iko mita 2.25 kutoka ukutani, mahali ambapo nguvu ya mkato ni sifuri. Ongeza kipimo cha pili: jumla ya maegemeo iwe sawa na jumla ya mizigo, 45 na 150 na 45, jumla 240. Dakika mbili, kalkuleta ya kawaida.

Ninachopinga ni fremu ya ghorofa mbili inayoyumba, kurasa nne za jedwali, ambapo mwanafunzi anapoteza alama kwa kukosea ishara ya kutoa kwenye mstari wa saba. Hiyo inapima uvumilivu tu.

Mwalimu_Lurambi
Vipimo vyako viwili ni sahihi, lakini havitoshi, na uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, unaonyesha kwa nini. Udongo mweusi wa pamba huvimba mvua ikinyesha na kusinyaa kiangazi, kwa hiyo misingi haishuki sawasawa. Tuseme boriti yetu ni milimita 200 kwa 450, zege lenye E (kipimo cha ugumu wake) ya 30 GPa, na nguzo ya kati imeshuka milimita 10. Momenti inayozaliwa ni 3EIΔ/L² (I hutokana na umbo la boriti, Δ ni mshuko), karibu 38 kNm kabla zege halijapasuka. Ile 90 juu ya nguzo inashuka hadi 52, na ya ndani ya spani inapanda kutoka 50.6 hadi karibu 66. Nondo za chini zimezidiwa kwa asilimia 30, na hakuna kilo moja iliyoongezwa. Ikishuka ncha ya pembeni badala ya kati, momenti ya juu ya nguzo inapanda hadi 109.

Tazama sasa: vipimo vyako vyote viwili vinapita katika hali zote tatu. Mlingano wa nguvu unatimia kwa 90, kwa 52 na kwa 109. Kinachozitenganisha ni ukakamavu na mshuko, na hapo mwanafunzi wako ameachwa mikono mitupu.

Zege_Busia
Niongeze la huku kwetu. Daraja la Sigiri juu ya mto Nzoia, Bunyala, lilianguka tarehe 26 Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Daraja lisilokamilika ni muundo mwingine kabisa: zege bichi ni mzigo usiobeba chochote, na mpangilio wa kumwaga spani hubadilisha momenti kila siku ya kazi. Modeli ya muundo uliokamilika haisemi lolote kuhusu wiki hizo. Mwanafunzi akokotoe kila hatua, kwa njia yoyote mtakayokubaliana.

MwakaWaTatu
Walimu wangu, naomba kuuliza. Paa za shule hung'olewa na upepo huku kwetu, na darasani kenchi tunaihesabu tu: vipande pamoja na nguvu za maegemeo viwe mara mbili ya viungo, 13 na 3 kwa viungo 8. Hiyo inasaidia nini?

Nondo_Nakuru
Inasaidia kujua kama kenchi inasimama, ingawa hesabu ikitimia bado yaweza kuwa na pembe nne isiyo na mshazari upande mmoja na vipande vya ziada upande mwingine. Kuhusu upepo, chukua kasi ya mita 30 kwa sekunde: 0.613 mara kasi ya mraba ni karibu 0.55 kN kwa mita mraba. Uzito wa paa la mabati na mbao mara nyingi haufiki 0.3. Likinyonywa juu, kila kitu kinageuka: mbao ya chini iliyokuwa ikivutwa sasa inagandamizwa, na haina kizuizi cha pembeni kwa sababu hakuna aliyefikiri itagandamizwa. Ikokotoe kenchi mara mbili, mzigo ukishuka na ukipanda, kisha ufuate nguvu hiyo hadi kwenye waya au bati linaloishika juu ya linta. Mara nyingi ni msumari mmoja tu.

Boriti_Milimani
Hoja ya mshuko ni nzito, naipokea. Basi mtihani uwe hivi: mwanafunzi apewe chapa (karatasi ya matokeo) ya kompyuta yenye kosa moja lililofichwa, achore umbo la boriti ikipinda kabla ya kuandika namba yoyote, kisha alitafute kosa na kulieleza. Jedwali libaki kwa spani mbili. Fremu zinazoyumba ziende kwenye kompyuta.

Mwalimu_Lurambi
Chapa yenye kosa naiunga mkono, na fremu zinazoyumba nakuachia. Spani mbili sikubali. Zenye ncha zisizokazwa hutatuliwa kwa mgao mmoja, hakuna kinachohama, kwa hiyo kiini cha njia hakionekani. Ziwe tatu. Kwa spani tatu za mita 6 na mzigo uleule, unaanza na 90 upande mmoja wa kiungo na 60 upande wa pili, viungo viwili vinarushiana, na namba zinashuka 77.1, 73.5, 72.4, 72.1. Jibu kamili ni wL²/10, yaani 72. Mistari minne, robo saa ya mtihani.