Hivi balozi zetu nje zina hela ya mkalimani au tunategemea dereva?

Mtoa mada

Wakuu habari za saa hizi. Wenye kujua mambo ya serikali naomba mnieleweshe. Mdogo wangu wa kike alienda nchi moja ya Ghuba kazi za ndani, mwaka wa pili bosi akaanza kumzungusha mshahara, ilipofika miezi saba hajalipwa akatoroka alfajiri akakimbilia polisi. Sasa pale ni Kiarabu tupu na Kiarabu chake yeye ni cha jikoni, leta maji, osha hiki, mtoto analia, basi. Wakampa karatasi ina mihuri miwili akaweka dole gumba. Baadaye Msudani mmoja akamsomea kwenye simu, kumbe imeandikwa ameshalipwa haki zake zote na hamdai mtu.

Ubalozini walimpokea vizuri siwezi kusema uongo, akapewa chai na pa kulala. Ila wa kumtafsiria alikuwa dereva wa ubalozi, na siku ya kurudi ofisi ya kazi dereva katumwa airport kupokea mgeni, kesi ikasogezwa wiki tatu. Hivi kwenye bajeti hamna hela ya mkalimani?

Mstaafu_Wizarani

Pole sana ndugu yangu. Nimekaa vituo viwili nje nakueleza ninachokijua. Wizara ya Mambo ya Nje ni Fungu 34 kwenye kitabu cha bajeti, na humo ndani kila ubalozi una kifungu chake. Bunge linapitisha Juni, mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, halafu Hazina inatoa kidogo kidogo. Afisa aliyetumwa kutoka nyumbani ni gharama kweli, pango la nyumba, posho ya utumishi wa nje, ada ya watoto, na vyote unalipa kwa hela ya kigeni, kwa hiyo shilingi ikishuka bajeti ileile inanunua vitu vichache. Dereva, mapokezi, mlinzi hao ni lokobesi, wanaajiriwa hukohuko. Mkalimani kwa uzoefu wangu alikuwa anaangukia matumizi mengineyo, ndiyo tunaita OC, kapu moja na umeme na mafuta ya gari. Mwezi wa OC ikichelewa unafikiri nani anaachwa? Na msiseme hela za viza zitumike, maduhuli, yaani mapato kama hayo ya viza, yanaingia Mfuko Mkuu, kuyatoa mpaka Bunge liidhinishe, ipo kwenye Katiba ibara ya 135 na 136.

Binti_Ngambo

Asalaam aleikum. Mie nipo Muscat, huku tuna nafuu kwa sababu Waomani wengi asili yao Zanzibar, unaweza ukaingia ofisini ukakuta karani anakujibu Kiswahili kizuri kuliko chako. Lakini ukenda Riyadh au Kuwait hiyo bahati huna. Na hata huku, kuongea na karani si sawa na kusomewa mkataba, wanawake wengi huweka saini kitu wasichokijua.

Kodi_Yangu

Poleni, ila tuwe wakweli, zahanati hazina dawa halafu tuajiri wakalimani kila ubalozi? Magufuli mwaka 2015 alifuta safari za nje akasema mabalozi wapo watuwakilishe, na nilimuunga mkono. Mahakama za huko ndio zilete mkalimani.

Mkalimani_Dar

@Kodi_Yangu nakuelewa mkuu, lakini soma vizuri kisa cha huyu dada. Ile karatasi hakuisaini mahakamani, aliisaini polisi, na ikishafika kwa hakimu imeshageuka ushahidi dhidi yake. Mkataba wa Vienna wa 1963 ibara ya 36 unampa afisa konseli haki ya kumtembelea raia wake aliyeshikiliwa, kuongea naye na kumtafutia wakili, sasa afisa akienda bila lugha anakaa pale anatabasamu na polisi. Tena sio lazima tuajiri mtu wa kudumu, unaingia mkataba na wakalimani wawili watatu unawalipa kwa saa wakiitwa. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, inasajili wakalimani na wafasiri, wapo wanaojua Kiarabu. Tumefurahi Kiswahili kuingia SADC 2019 na Umoja wa Afrika 2022, nami nimekaa kwenye vile vibanda vya mikutano nikalipwa vizuri kutafsiria mawaziri. Huyu dada naye alikuwa anaongea Kiswahili hikihiki.

Kodi_Yangu

Hapo kwa saa nimekubali mkuu. Basi iwe na kasma yake yenyewe, yaani mstari wake wa matumizi, ionekane kwenye kitabu cha bajeti, tuwaulize wabunge wetu kabla ya Bunge la bajeti kuanza Aprili.

Mtoa mada

Nashukuru sana wakuu. Mdogo wangu amesharudi, yupo nyumbani Tabora, hela hajapata. Ile karatasi anayo, ameikunja ndani ya pasipoti. @Mkalimani_Dar naweza kukupigia picha nikutumie PM uisome yote? Yule Msudani alisoma mistari ya juu tu simu ikakata.

Mkalimani_Dar

Tuma sasa hivi, pande zote mbili, na mihuri ionekane. Sikudai hata mia.