Baiskeli kwenye mashamba ya zabibu Dodoma: Hombolo, Makutupora au Bihawana?

Nyikani: Wakuu, salaam. Nakuja Dodoma na mwenzangu, tunataka kuzunguka mashamba ya zabibu kwa baiskeli, tupite vijijini taratibu na kuonja mvinyo. Nimetajiwa njia tatu: Hombolo kupitia Ihumwa, Makutupora kupitia Msalato na Veyula, au Bihawana kwa barabara ya Iringa. Ipi bora? Nataka kukata tiketi ya SGR wiki hii.

Mgogo wa Chamwino: Karibu sana, ila mbona hujataja mwezi? Zabibu huku huvunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Ukija wakati mizabibu imetoka kupogolewa utakuta vijiti na waya tu. Na baiskeli mnakuja nazo au mnakodi? Mnalala au mnarudi jioni?

Dada Veyula: Mimi nasema Makutupora. Lami unayo, na pale kuna kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachoshughulika na zabibu. Ombeni ruhusa mapema, msitokee tu getini.

Spoku: Dada, lami hiyo ndiyo ya mabasi na malori ya Arusha. Mtu mgeni wa baiskeli simpeleki huko.

Hombolo ni pazuri, kuna bwawa na kuna kiwanda cha mvinyo, ila sikilizeni yaliyonikuta. Nilikodi baiskeli ya gia mjini, mwenye nayo akaapa ni nzima. Ilikuwa mwezi wa nane, upepo unatupiga usoni tangu Ihumwa. Tulipoacha barabara kubwa tukashika kinjia cha mashambani, tairi la nyuma likalala. Kuligeuza, mbigili zimekita ukingo hadi ukingo, nyingine zimekatikia ndani, unaona ncha tu. Kufungua tyubu, kiraka juu ya kiraka, cha kwangu hakishiki. Pampu tuliyopewa haina mpira wa kichwani. Tukasukuma kwenye mchanga wa korongo, jua la saa sita, maji yameisha, mpaka mzee mmoja akatuita chini ya mbuyu akatupa maji ya kwenye mtungi. Akanifundisha: mbigili usiing'oe kama huna gundi na pampu mkononi, kwa kuwa ndiyo inayoziba tundu. Tulirudi kwa bodaboda, baiskeli imefungwa nyuma. Mwenye baiskeli akanidai tairi jipya! Siku nzima sikuona hata kichala kimoja.

Mgogo wa Chamwino: Pole kaka. Basi kagua tyubu na breki kabla hujatoa hela, na ondokeni alfajiri.

Padri mdogo: Bihawana hamuisemi? Zabibu za Dodoma zilianzia kwa wamisionari pale, miaka ya 1950. Mtu anayetaka kuelewa zao hili aanzie huko, kisha asogee Mpunguzi kwa wakulima. Mkifika vijijini semeni "mbukwenyi", salamu ya Kigogo, mtapokewa.

Nyikani: Asanteni. Ni Agosti, tunakodi, tunarudi jioni. Mwenzangu ndiyo kwanza amejifunza kuendesha baiskeli mwaka huu. Tukipita shambani tunaweza kuchuma kidogo?

Dada Veyula: Hapana! Kwanza ni jasho la mtu. Pili, wakulima hupuliza dawa ya ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, hujui imepulizwa lini. Nunueni kwa mwenye shamba, muoshe.

Spoku: Kwa mwenzako huyo, Hombolo iondoe kabisa.

Kitojo: Wapande bajaji hadi Veyula, baiskeli wakodi hukohuko. Halafu kuonja mvinyo kuwe mwishoni, msionje na kurudi barabarani. Chukueni mkavu, ule mtamu kwenye jua hili unaumiza kichwa.

Padri mdogo: Mtamu ndio wa Dodoma, Kitojo. Wageni wote ninaowapokea huuulizia huo.

Kitojo: Kwa sababu hamuwapi mwingine. Wape mkavu wa baridi na nyama ya mbuzi, uone.

Dada Veyula: Huko Veyula nani anakodisha baiskeli? Mimi ninakaa huko, simjui.

Kitojo: Nitauliza fundi wetu.

Mama Ihumwa: Samahani, naingilia. Nina eka moja Ihumwa, nataka kupanda. Pingili za zabibu nyekundu ya Makutupora zinapatikana msimu gani?