Mjadala: Binti jeuri wa riwaya za mapenzi za Magharibi ya Marekani, alikuwepo kweli?

Wadau, kila zinapotajwa hadithi za mapenzi za Marekani ya karne ya 19, zile za farasi, mashamba na binti asiyekubali kupangiwa maisha, hurudi hoja ileile: binti huyo hakuwahi kuwepo, ni mwanamke wa leo kavalishwa gauni la zamani. Napinga.

Tuanzie kwenye sheria. Mwaka 1862 Marekani iliamua kugawa mashamba ya eka 160. Mwanamke asiye na mume, akishatimiza miaka 21, aliandikisha shamba kwa jina lake mwenyewe. Mjane vilevile. Mwenye mume nyumbani hakuruhusiwa, maana mkuu wa kaya alihesabiwa kuwa mume. Kisha ilikuwa miaka mitano ya kuishi palepale na kulima. Kule Nebraska, ambako miti ilikuwa adimu, watu walikata udongo pamoja na nyasi na mizizi yake, wakaupanga kama matofali kujenga nyumba. Mvua ikinyesha, paa lilidondosha matope hadi kitandani. Miaka ikitimia, mwanamke alipeleka mashahidi wawili ndipo apewe hati. Aliyepita hayo tumwambie ujasiri wake ameuazima kwetu?

Halafu yupo Mary Fields, aliyezaliwa utumwani Tennessee yapata mwaka 1832. Mwaka 1895, umri umeshapita miaka 60, alipata mkataba wa kupeleka barua za posta huko Cascade, Montana, akaifanya kazi hiyo miaka minane, pamoja na theluji ya huko. Mtunzi angembuni mtu huyo, mngesema katia chumvi.

Kinachonikera mimi ni mwisho wa hadithi. Anatokea mchunga ng'ombe mwenye macho mazuri, harusi inafungwa, basi. Hakuna anayeuliza kama binti alikuwa ameshaandikisha shamba. Kama bado, siku anapoolewa haki hiyo inamponyoka. Mapenzi yenyewe yamelala hapo! Anayempenda kweli atamwambia, "Nenda ofisi ya ardhi kwanza, mimi nitasubiri." Kwangu sentensi hiyo inashinda mabusu ya sura nzima, na watunzi wanaipita tu.

Jingine ni ardhi yenyewe. Haikuwa tupu. Walakota na Wacheyenne, makabila ya wenyeji wa huko, walisukumwa kwa vita na mikataba iliyovunjwa, na sheria ya 1887 ikakatakata maeneo ya makabila ili kinachobaki wapewe walowezi. Sisi tunaojua uzito wa neno mlowezi hatuwezi kujifanya hatukuliona. Uhuru wa binti huyu ulisimama kwenye ardhi ya watu wengine, na naye alikuwa na macho.

Mimi bado nampenda, lakini nataka aandikwe mzima: hati mkononi, na dirishani wale walioondolewa wakipita. Ninyi mngeisoma hadithi hiyo, au mnaona penzi litaharibika?